Natembea kwa kipimo cha tumbo langu

Mtu anayeishi na ugonjwa sugu wa tumbo huhukumiwa mara mbili. Akilala mchana anaambiwa ni mvivu, kwa sababu hana bandeji wala gongo la kumtetea. Akiinuka akatembea anaambiwa kumbe alikuwa anajifanya. Mimi nimezipata hukumu zote mbili tangu mwaka 2019, na katikati yake nimejifunza mazoezi ambayo hayamvutii mtazamaji. Hayana jasho la kujivunia, na siku nyingine huishia nguzo ya tatu ya umeme kutoka getini kwangu. Hata hivyo ni mazoezi, na yamenirudishia vitu ambavyo nilidhani ugonjwa umekwisha kuvichukua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mke, na mama wa watoto watatu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Ninaandika nikijua kwamba katika nyumba nyingi yupo mtu anayekwenda chooni mara kumi kwa siku na hajamwambia yeyote. Maradhi ya kifua au mguu tunayataja barazani bila haya, lakini ya chooni tunayanyamazia, na mgonjwa hubaki peke yake na siri yake.

Yangu yalianza kama kuharisha kwa kawaida. Nilipewa dawa za amiba, kisha za taifodi, kisha za minyoo. Kila dawa ilinipa nafuu ya siku chache, halafu hali ikarudi ilivyokuwa, na safari hii choo kikawa na damu na kamasi. Kilo zikashuka kutoka 68 hadi 51. Mtaani watu hodari wa kuhesabu kilo za mwenzao hawakosekani. Mmoja alisema nimeathirika, mwingine akasema nimerogwa na walioona wivu tulipopaua nyumba. Mwishowe nilipelekwa kwenye kipimo cha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera ndani ya utumbo, na vipande vidogo vya nyama vikachukuliwa kwenda maabara. Jibu likaja na jina nililokuwa sijawahi kulisikia, kolaitisi ya vidonda.

Watu wakisikia neno vidonda hufikiri ni vidonda vya tumbo, vile ambavyo mara nyingi huletwa na bakteria au na dawa za maumivu, na hupona mtu akitibiwa vizuri. Huu wangu ni mwingine. Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, inaushambulia ukuta wa utumbo mpana. Uvimbe na vidonda huanzia kwenye puru na huweza kupanda kuelekea juu. Upo ugonjwa mwingine wa ukoo huohuo uitwao Crohn, ambao unaweza kupiga sehemu yoyote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Hauambukizi kwa sahani wala kwa choo. Dawa huutuliza, wakati mwingine kwa miezi au miaka, lakini haziung'oi. Hutulia, halafu huamka. Nyumbani kwetu hata mtoto wa mwisho anajua maana ya kusema, "Tumbo la mama limeamka."

Baba watoto ni shabiki wa Manchester United wa kufa na kuzikana. Siku tuliyopewa jina la ugonjwa alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu si ndio ule wa Fletcher?" Alikuwa sahihi. Darren Fletcher, kiungo wa Scotland, alipumzishwa mwishoni mwa mwaka 2011 na klabu ikaeleza kwamba anaumwa ugonjwa huu. Alifanyiwa upasuaji mwaka 2013, akarudi uwanjani, na baadaye akahamia West Brom. Shinzo Abe naye, waziri mkuu wa Japani, aliacha kazi mara mbili, mwaka 2007 na mwaka 2020, kolaitisi ikiwa miongoni mwa sababu. Niliyashika majina hayo mawili kama hirizi. Kama ugonjwa huu unaweza kumtoa uwanjani mchezaji wa ligi kuu na kumtoa ofisini waziri mkuu, basi anayelala kitandani Tabata si mvivu. Na kama Fletcher alirudi kucheza, basi kulala si mwisho wa habari.

Mchakamchaka si wangu

Neno mazoezi lina sura yake kwetu. Kwa tuliosoma shule za msingi za serikali ni mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo, vumbi, na mwalimu wa zamu akifuata nyuma na fimbo. Kwa watu wa Dar es Salaam wa leo ni jogging. Mwishoni mwa wiki, kabla jua halijachomoza, unasikia filimbi na nyimbo, kisha kundi la watu wenye fulana za rangi moja linapita barabarani kama harusi. Wifi yangu ni mwanachama wa klabu mojawapo, na hakuna mtu anayenipenda kuliko yeye. Nilipoanza kupata nafuu alinijia na fulana mpya mkononi.

"Wifi, njoo tukimbie," aliniambia. "Jasho litaitoa hiyo sumu tumboni."

Niliipokea fulana, nikamwambia ningemuuliza kwanza daktari. Daktari alinisikiliza, akatazama kipimo changu cha damu, kisha akanieleza taratibu. Kukimbia kunautikisa utumbo, na hata wakimbiaji wenye afya njema hujikuta wakitafuta choo katikati ya mbio. Tena mtu anapofanya mazoezi makali, damu nyingi hupelekwa kwenye misuli na tumbo hubaki na kidogo. Mimi nilikuwa na upungufu wa damu kwa sababu ya kutoka damu muda mrefu, na ndiyo maana hata kupanda ngazi za shule kulinifanya nihisi kama nimebeba gunia.

"Wewe tembea, Mwalimu," alisema.

"Kiasi gani, daktari?"

"Kiasi ambacho kesho yake utaweza kukirudia."

Ushauri huo nimeukumbuka kuliko vingi nilivyopewa, kwa sababu unampa mgonjwa kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe. Ukitembea leo ukaanguka kitandani siku mbili, umepita kiasi. Ukiweza kurudia kesho bila kujilazimisha, hapo ndipo pako. Kipimo kingine alichonipa ni cha mdomo. Ukiwa unatembea unapaswa kuweza kuzungumza na mwenzako, ila usiweze kuimba. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki, na linawahesabu humo hata wenye magonjwa sugu. Dakika 150 ukizisikia ukiwa umejikunja kitandani unaweza kulia. Lakini mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, na kwamba mtu aanze na kidogo na kuongeza polepole. Upo pia utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu wagonjwa 32 wa Crohn ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia au ni wa kiasi kidogo. Baadhi yao walitembea mara 3 kwa wiki kwa miezi 3. Waliotembea waliishi kwa unafuu zaidi kuliko wenzao, na kutembea hakukuuchochea ugonjwa. Haikusemwa kwamba walipona, na hilo ni muhimu. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Nilipoyaanza nilikuwa nameza vidonge vyangu asubuhi na jioni, na mpaka leo nameza.

Nguzo kwa nguzo

Mtaani kwetu, kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine ni hatua zangu kama 60. Wiki ya kwanza nilikwenda nguzo tatu na kurudi. Basi. Kila wiki iliyokuwa nzuri niliongeza nguzo moja, na wiki mbaya nilipunguza bila kubishana na mtu. Ilinichukua zaidi ya miezi mitano kufika nguzo ya 20, ambayo kwenda na kurudi ni kama dakika 25.

Kabla ya miguu, nililazimika kujifunza saa za tumbo. Mtu akila au akinywa chai, tumbo huupelekea utumbo mpana taarifa kwamba ujiandae kutoa mzigo. Kwa mwenye afya taarifa hiyo ni mnong'ono, kwetu sisi ni king'ora. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo sitembei baada ya chai wala baada ya chakula cha mchana. Natembea saa 11 jioni, jua likiwa limepoa na utumbo umetulia, kabla ya chakula cha usiku. Jumapili hutembea alfajiri, kabla sijatia kitu tumboni isipokuwa maji. Mwingine tumbo lake litakuwa na saa tofauti. Daftari la wiki mbili, la kuandika ulikula nini, ulikwenda chooni saa ngapi, na uliumwa saa ngapi, litakuonyesha saa zako.

Jambo la pili ni njia. Wenzangu huchagua njia yenye kivuli au yenye lami. Mimi nachagua yenye vyoo. Nguzo ya sita pana msikiti, na msimamizi wake ananifahamu. Nguzo ya kumi na moja kuna kituo cha mafuta. Nguzo ya kumi na saba ni sokoni, ambako choo ni cha kulipia shilingi 300, kwa hiyo natembea na sarafu mkononi badala ya kuzitafuta kwenye pochi. Nabeba mfuko mdogo wenye chupa ya maji, kipande cha sabuni, nguo ya ndani na khanga moja ya ziada. Khanga hiyo nimeihitaji mara mbili tu katika miaka yote hii. Ila kujua kwamba ninayo ndiko kunakonifanya nitoke getini, kwa maana hofu ya choo inafunga watu ndani kuliko maumivu yenyewe.

Ya ndani ya nyumba

Siku ambazo sitoki, natandika mkeka sebuleni. Naanza kwa kulala chali, magoti yamekunjwa na mkono juu ya tumbo. Navuta pumzi puani taratibu mpaka mkono uinuke, kisha naitoa polepole kwa mdomo. Dakika 5 hivi. Ukimwona mtu anafanya hivyo utadhani amesinzia, lakini tumbo lililokuwa limekazana kama ngumi hulegea. Kisha navuta goti moja kifuani, halafu la pili. Napiga magoti na mikono chini, naukunja mgongo kama paka na kuunyoosha.

Yapo mengine ya kujenga nguvu. Naketi kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10. Nasimama mbele ya ukuta, nauegemea kwa viganja, nakunja viwiko na kujisukuma. Haya daktari aliyasisitiza kwa sababu ya prednisoloni, dawa inayozima moto wa ugonjwa unapoamka. Inasaidia haraka, lakini ikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa, na misuli nayo hupungua. Mifupa huimarika inapobebeshwa uzito, hata ukiwa ni uzito wa mwili wako mwenyewe. Dawa hiyo haitakiwi kuachwa ghafla kwa kuwa mtu amejisikia vizuri, wala kuongezwa kwa ushauri wa jirani. Hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari.

Kuna zoezi jingine ambalo wanawake tuliojifungua tuliambiwa kliniki na wengi tukalisahau. Unabana misuli ya njia ya haja kana kwamba unazuia upepo usitoke. Unahesabu hadi 5, unaachia, unapumzika, unarudia mara 10. Unaweza kulifanya ukiwa umekaa kwenye daladala na hakuna atakayejua. Kwa mtu anayeogopa kwamba hatawahi choo, misuli hiyo ikiwa na nguvu humpa dakika mbili za ziada, na kwetu dakika mbili ni nyingi.

Mambo mawili zaidi ya tahadhari. Kwanza maji. Anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na akitembea kwenye joto la Dar es Salaam hupoteza zaidi. Siku za kuharisha nakunywa ORS ya pakiti kutoka duka la dawa. Ikikosekana, natia katika lita 1 ya maji safi na salama vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Pili, dawa za maumivu. Mtu akianza mazoezi misuli huuma, na wengi wetu hukimbilia diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinaweza kuuamsha ugonjwa huu. Muulize daktari wako utumie nini. Mimi hukanda kwa maji ya moto.

Tumbo likiamka

Sasa niseme kuhusu siku mbaya, kwa sababu ndizo zinazowagombanisha watu na ndugu zao. Tumbo likiamka siendi nguzo yoyote. Nalala. Nikiweza, navuta zile pumzi za mkekani na kutembea kutoka chumbani hadi jikoni ili miguu isisahau kazi. Siku hizo kupumzika ni sehemu ya matibabu. Na nikiona homa, damu nyingi, maumivu makali, tumbo limejaa na kuwa gumu, kizunguzungu, au moyo unakwenda mbio nimekaa tu, hayo si ya mkeka wala nguzo. Ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka 2022 nilipewa ED ya wiki moja. Siku ya tano homa ilikuwa imeshuka na damu imekata, na daktari akaniambia nianze kutembea kidogo. Jioni nikatoka na khanga yangu hadi nguzo ya nne. Mwalimu mwenzangu akapita kwenye bajaji, akaniona. Jumatatu nilikuta barua ya kutakiwa kujieleza kwa nini nilikuwa nikizurura mtaani ilhali nimeomba ruhusa ya ugonjwa.

Niliisoma mara tatu. Ajira yangu ndiyo iliyosomesha watoto na ndiyo iliyonipa kadi ya bima inayolipia dawa. Nilijibu kwa maandishi, nikaambatisha barua ya daktari iliyoeleza kwamba kutembea kidogo ni sehemu ya matibabu, na kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kutembea nguzo nne jioni lakini asiweze kusimama mbele ya watoto 80 saa sita mfululizo bila kwenda chooni. Barua ilifutwa. Maneno ya ofisi ya walimu hayakufutwa upesi hivyo. Lakini mwalimu mkuu, baada ya kuelewa, alinihamishia darasa lililo karibu na choo cha walimu, na mwalimu wa darasa la jirani akakubali kuwatupia macho wanafunzi wangu ninapotoka. Mpangilio huo haukugharimu hata shilingi moja, na kwangu ulikuwa na thamani kubwa kuliko pole nyingi nilizopewa.

Nyumbani nako palikuwa na hukumu yake. Mama mkwe alikuja kukaa nasi kwa matibabu ya shinikizo la damu. Alimkuta mwanawe akiosha vyombo na mimi nimelala saa nne asubuhi. Hakusema kitu, lakini alivyoiweka ile sufuria mezani nilisikia yote. Baba watoto alimketisha jioni ile, akamweleza habari za damu, za usiku ninaoamka mara sita, na za kilo. Sikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Nilichokiona ni kwamba wiki iliyofuata, saa 11 jioni, nilimkuta getini amevaa raba za mjukuu wake.

"Mkwe wangu, leo nguzo ngapi?" aliuliza.

Naye alikuwa ameambiwa na daktari wake atembee. Tulikwenda nguzo tano, yeye na presha yake, mimi na tumbo langu, tukisimama kila mmoja alipochoka. Tangu siku hiyo akiniona nimelala huuliza kama nimeshakunywa maji.

Kilima cha mama

Nguzo zote hizo nilikuwa nazihesabu kwa sababu moja. Mama yangu mzazi anaishi Morogoro, kwenye miinuko iliyo chini ya milima ya Uluguru. Kwa zaidi ya miaka miwili sikumwona. Kwa basi nisingeweza, kwa kuwa abiria huchimba dawa pale dereva anapoamua kusimama, na tumbo langu halisubiri uamuzi wa dereva. Mama alikuwa anapiga simu, anauliza tu, "Mwanangu, unaendeleaje?" Hakuwahi kuuliza lini nitakuja, na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, jambo la kwanza nililomuuliza aliyekuwa ameshaipanda halikuwa nauli wala mwendo kasi. Nilimuuliza kama ina choo. Ina vyoo ndani ya mabehewa, na safari haifiki saa mbili. Basi likabaki tatizo moja. Bodaboda huishia chini, na kutoka pale hadi mlangoni kwa mama ni kupanda. Kaka yangu alinihesabia hatua akanipa jibu kwa simu: 400, zote za mlima.

Nilijiandaa kwa miezi miwili. Mchana baada ya vipindi nilipanda ngazi za jengo la ghorofa shuleni, mara moja kwa siku, baadaye mara mbili. Nilipangilia safari iwe wakati tumbo limetulia, na nikakubaliana na baba watoto kwamba likiamka asubuhi ya safari tiketi itapotea na hatutalaumiana.

Halikuamka. Kile kilima nilipumzika mara tatu. Mara ya pili niliketi juu ya jiwe na watoto wa jirani wakanisimamia wakinitazama, mmoja akanishikia mfuko. Nilipofika mama alikuwa mlangoni, amezeeka kuliko nilivyomwacha. Tulishikana bila kusema. Kisha nikaona kwamba njia ya kwenda chooni, ambacho kipo nje nyuma ya migomba, ilikuwa imefyekwa upya, na tochi ilikuwa imetundikwa kwenye msumari pembeni ya kitanda nilichotandikiwa. Sikuwa nimemwambia mama kwamba naamka usiku. Labda kaka alimwambia, labda alikisia tu kama mama wanavyokisia.

Kwa wanaoishi na mgonjwa

Mpenzi msomaji, kama mgonjwa ni wewe, anza na daktari wako, umwambie unataka kutembea na umuulize kiasi gani kulingana na damu yako na dawa zako. Usipime miguu yako kwa klabu ya mtu mwingine, wala kwa ulivyokuwa mwaka juzi. Ipime kwa jana. Na usione haya kurudi nyuma. Mwezi uliopita tumbo langu liliamka kwa siku tisa, na wiki hii ninapoandika nimerudi nguzo ya tano, mimi niliyewahi kufika 20. Nimeshazoea. Nguzo zenyewe hazijahama.

Kama unaishi na mgonjwa, usimwamshe kwa maneno, na usimshangae akiinuka. Kumwona leo anatembea si ushahidi kwamba jana alikuwa anadanganya. Ukitaka kumsaidia, tembea naye kwa mwendo wake, jua choo kiko wapi, mbebee maji. Akisema turudi, mrudi.

Wifi yangu hajaacha kunialika, na tumepata njia ya kati. Jumamosi moja moja huvaa ile fulana aliyoniletea na kutembea hadi mahali klabu yao inapomalizia mbio. Natunza mabegi na chupa za maji mpaka warudi. Wakifika wanahema, mimi ninawapigia makofi. Choo cha pale ni kisafi, na mwenye nacho hanitozi tena.